Mzima ni Nani?

Kiswahili ni lugha inayobana matumizi. Neno moja tu, "mzima", limepewa kazi ambazo lugha nyingine zingeajiri maneno manne. Aliyekua ni mtu mzima. Mgonjwa aliyepona ni mzima. Aliyetoka kwenye ajali akiwa anapumua, tunawapigia ndugu zake simu na kusema yu mzima. Na mkungu wa ndizi ambao haujakatwa hata chane moja, huo nao ni mkungu mzima. Umri, afya, uhai na ukamilifu vimelazwa kitanda kimoja, na hakuna anayelalamika kubanwa.

Ukipanda gari Moshi mjini kuja kwetu Mwika, kupitia Himo na Marangu Mtoni, utalisikia neno hilo likiwa kazini. Abiria anayeingia anamuuliza anayemkuta: "Wazima huko nyumbani?" Anayeulizwa ni mmoja, lakini swali limewekwa kwenye wingi. Akijibu kwamba yeye ni mzima akaishia hapo, atatazamwa. Kuna mama, kuna watoto, kuna ng'ombe, na yule mgonjwa wa mwezi uliopita anaendeleaje?

Nimeanza na salamu hii kwa sababu kwa muda sasa nimekuwa nikisoma, kwa makini yaleyale ninayosomea riwaya, maandishi ya wanaouza uzima mkoani kwetu. Ni mabango ya masaji ya Moshi mjini, vipeperushi vinavyoachwa kwenye meza za hoteli, na kurasa za Instagram za watu wanaokanda nyayo, wanaonyoosha uti wa mgongo, wanaoumika kwa vikombe, wanaoweka mawe ya moto mgongoni na wanaoponya kwa kupitisha viganja juu ya mwili bila kuugusa. Hii nayo ni fasihi, na inasomwa kuliko vitabu vyetu vingi, lakini haina mhakiki. Mganga wa kienyeji tunamcheka. Daktari tunamlalamikia. Kipeperushi tunakisoma, tunakirudisha mezani, na hakuna anayekiuliza kilichosema kina maana gani.

Kwanza nikitendee haki. Kuguswa na mkono unaojua kazi yake kunasaidia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na mwongozo wake wa Desemba 2023 kwa maumivu sugu ya kiuno unataja, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa, masaji na kunyoosha uti wa mgongo kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kutolewa. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa kali za jamii ya afyuni. Unakiri pia kwamba ushahidi wa mengi kati ya hayo bado ni dhaifu. Kwa hiyo siji hapa kuwatangazia kwamba masaji ni utapeli. Mtu akikuchua mabega kwa nusu saa ukasimama ukiwa mwepesi, wepesi huo ni wa kweli.

Shida yangu ni sentensi zinazouzunguka. Karibu kila kipeperushi nilichosoma kina maneno matatu yanayotembea pamoja kama watoto wa shule: mwili, akili na roho. Nyuma yao inakuja "nishati", ambayo haielezwi inapimwaje, na "sumu", ambayo haitajwi jina. Sumu gani? Mwili una ini na figo kwa kazi hiyo, na hakuna mkono uliowahi kuzichua figo mpaka zikafanya kazi zaidi. Kisha linakuja neno linalopendwa kuliko yote: "kale". Tiba hizi ni za kale, tunaambiwa, hekima ya maelfu ya miaka.

Baadhi ni za kale kweli. Kuumika kwa pembe kulikuwapo pwani kabla hatujazaliwa sisi na babu zetu. Lakini kairopraktiki, ile ya kubonyeza uti wa mgongo mpaka ulie, ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Yaani ilikuja miaka sita baada ya Hans Meyer kufika kilele cha Kibo. Reiki ni ya Mikao Usui wa Japani, mwaka 1922. Ramani ya nyayo inayoonyesha kwamba hapa ni ini na pale ni moyo ilienezwa na Mmarekani Eunice Ingham miaka ya 1930. Yapo makanisa ya Kilimanjaro yenye umri mkubwa kuliko tiba hizi. Umri mdogo si kosa, hata penisilini ni changa. Lakini anayekuuzia kitu cha juzi kwa bei ya ukale anakutaka uache kuuliza maswali, kwa kuwa tumefundishwa kwamba mzee hahojiwi.

Neno la pili linalonisumbua ni "mbadala". Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya 2002, iliziweka tiba hizi mbili chini ya paa moja na kuziundia baraza moja. Naelewa sababu: serikali inahitaji kujua nani anatibu nani. Lakini neno lenyewe linadai kwamba kuna kitu cha kwanza, halafu kuna cha kukibadili. Bibi yangu alikuwa tayari ana watoto wakati hospitali ya KCMC inafunguliwa mwaka 1971. Kwake mpangilio ulikuwa hivi: mikono ya mtu wa nyumbani, kisha jani, kisha mchungaji, na mambo yakishindikana kabisa, gari la kwenda mjini. Kwake hospitali ndiyo ilikuwa mbadala.

Sisemi alikuwa sahihi. Mpangilio ule uliwachelewesha watu wengi. Kuna maumivu ya mgongo ambayo hayataki mkono wa mtu: yanayokuja na ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo, au homa, au kukonda kusikoelezeka, au yaliyoanza baada ya kuanguka. Hayo yanataka hospitali, leo, si kesho. Mkandaji mzuri anayajua na atakwambia. Nimetafuta sentensi ya namna hiyo kwenye vipeperushi vyangu vyote sijaipata, na kwangu hilo ndilo kosa lao kubwa kama maandishi. Tiba isiyosema mwisho wake uko wapi haijajieleza bado.

Sasa nifike kwenye neno kuu, "holistiki", ambalo wafasiri wetu huliandika "tiba ya mtu mzima" au "tiba jumuishi". Linatokana na neno lililobuniwa na mtu mmoja katika kitabu kimoja: Jan Smuts, katika "Holism and Evolution", kilichotoka mwaka 1926. Smuts aliona kwamba maumbile yana tabia ya kujenga vitu vizima ambavyo ni zaidi ya jumla ya vipande vyake. Ni wazo zuri. Kila anayekuambia leo kwamba anatibu mtu na hatibu kiungo anakula shamba la Smuts, ajue asijue.

Miaka kumi kabla ya kitabu hicho, Smuts alikuwa hapa. Machi 1916, akiwa jenerali wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki, alishambulia kutokea upande wa Taveta, wakapigana kwenye vilima vya Latema na Reata, na majeshi yake yakafuata njia ya Himo mpaka Moshi. Himo ndipo tunapokata kona kupanda kwetu. Aliyekuwa amesimama Mwika siku zile na kutazama tambarare aliweza kuona vumbi la vita hiyo.

Na vita hiyo ilibebwa. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara zikageuka tope, kwa hiyo risasi, unga na majeruhi vikabebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi, ni kumbukumbu ya kikosi chao kilichotajwa kwa ndimi zetu. Hesabu rasmi za Waingereza peke yake zilivuka vifo 40,000 vya wapagazi, wengi kwa kuhara, malaria, vichomi na njaa kuliko kwa risasi. Mtu aliyebuni neno la uzima kamili alikuwa ameongoza vita iliyohesabu miili ya watu kama magunia. Baadaye, akiwa mwanasiasa kwao Afrika Kusini, alitetea ubaguzi uliowatenga Waafrika na huo uzima.

Najua hoja ya kujibu: neno halichagui baba yake. Ni kweli. Mkandaji wa Moshi hana deni la Smuts, na sitaki alipe. Ninachochukua kwenye habari hii ni tahadhari moja. Inawezekana kabisa mtu akaandika kwa uzuri juu ya uzima huku wanaombebea mizigo wakiwa nje ya hesabu yake. Ilitokea hapa, chini ya mlima huu. Basi ninaposoma leo kwamba tiba fulani inamhudumia mtu mzima, natazama pembeni kuona nani amebeba nini.

Si lazima kutazama mbali. Mlimani mpagazi haitwi mpagazi, anaitwa mgumu. Jina hilo ni sifa na ni amri kwa wakati mmoja, kwa sababu ukishaitwa mgumu utalalamikaje? Kikomo kilichowekwa cha mzigo wa mgumu ni kilo 20, na anapanda nao kutoka lango la Marangu mpaka Horombo, mita 3,720, na kuendelea, ili mgeni akifika akute chakula na mahali pa kulala. Siku mgeni anaposhuka, hotelini kuna masaji. Kipeperushi kimeandikwa kwa ajili yake: misuli iliyochoka, akili iliyotulia, roho iliyopaa. Hata mimi ningelipia.

Baba yangu mdogo alikuwa mgumu kwa miaka mingi. Aliposhuka alipanda gari mpaka Mwika, akakaa kwenye kigoda nje ya jiko, akavua viatu. Masaji yake ilikuwa kichupa cha dawa ya kuchua chenye harufu ya mkaratusi, na mikono ya mke wake, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka sokoni alikokwenda na mkungu kichwani. Mama mdogo alimchua shingo kwa nguvu, akimgombeza kwa kuondoka wiki nzima bila kumnunulia ng'ombe pumba. Shingo yake mwenyewe, iliyobeba mkungu, sikumbuki nani aliichua. Safari moja ya mlimani, basi, ilichosha shingo tatu, na kipeperushi kiliandikiwa moja.

Hapa mtu atatarajia niseme kwamba wazee wetu walikuwa na jibu. Walikuwa na sehemu yake, na inafaa kuiangalia bila kuipamba.

Mwanaanthropolojia Knut Christian Myhre alifanya utafiti wake kwa majirani zetu wa Rombo, na kitabu chake, "Returning Life", kilichotoka mwaka 2018, kinazunguka maneno mawili ya huko: "moo", yaani uhai au afya, na "horu", nguvu ya uhai. Anachoonyesha ni kwamba nguvu hiyo haikai ndani ya mtu mmoja. Inapita kati ya watu, mifugo, migomba na nyumba, kwa njia ya maziwa, nyama, pombe na mengineyo wanayopeana. Niliposoma nilicheka, kwa kuwa ndivyo salamu ya kwenye gari inavyosema. Huwezi kuulizwa peke yako kwa sababu huishi peke yako.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mzazi. Mwanamke wa kwetu akijifungua, desturi humtaka akae ndani miezi mitatu. Anapikiwa mtori, anapewa maziwa, zamani pia mlaso, na anakandwa mwili kwa kitambaa na maji ya moto. Hakuna anayeiita hii tiba. Watu husema tu kwamba kwa fulani kuna mzazi. Lakini ukiitazama kama mhakiki utaona kwamba kukandwa ni kipande kidogo cha kazi kubwa. Ili mwanamke mmoja alale chali akakandwa, mwingine amekwenda kuchota maji, mwingine amekata majani ya ng'ombe, mwingine anamenya ndizi, na mama mkwe au mama mzazi ameacha nyumba yake. Kipeperushi kinampa mteja saa moja ya utulivu. Desturi ilimpa mzazi miezi mitatu, na iliilipia kwa usingizi wa wanawake wengine.

Na haikuwa salama siku zote. Maji yanayochemka yanaunguza. Kumbonyeza tumbo mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji ni hatari, na wauguzi hawachoki kulikataza. Pia desturi hizohizo zilizojua kumkanda mzazi zilijua kumkeketa binti. Kwa hiyo neno "asili" halinipi imani peke yake, kama vile neno "kale" lisivyonipa. Ninachokichukua kutoka kwenye desturi ya mzazi ni hesabu yake tu: ilijua kwamba mwili mmoja ukipumzika kuna mwingine umesimama, na ilimjua kwa jina.

Bibi alikuwa mmoja wa waliosimama. Aliwakanda wakwe zake, binti zake, majirani. Alipozeeka, mgongo ukiwa umepinda kama mgomba uliozidiwa na mkungu, nyumba nyingi za kihamba chetu zilikuwa zimefungwa zikisubiri Desemba. Tulikuwa Dar, Arusha, wengine mbali zaidi. Tukachangishana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, tukamtafutia dada wa kumhudumia, msichana kutoka mkoa mwingine. Huyo ndiye aliyemwogesha, akampaka mafuta miguu kila jioni, akamsugua mabega taratibu huku wakisikiliza redio. Bibi alimwita "mwanangu". Alilala vizuri zaidi.

Naleta habari hii ili nisionekane naichukia mikono inayolipwa. Mikono inayolipwa imeshika nyumba nyingi za Kilimanjaro, na itazidi kuzishika, kwa sababu hatutarudi wote kukaa kihambani. Nilichotaka kujua kuhusu dada yule kilikuwa kidogo na cha kuchosha: analala saa ngapi, ana siku ya mapumziko, mgongo wake ukiuma anamwambia nani? Mara ya kwanza nilipouliza hayo kwenye lile kundi, kulikuwa kimya mpaka kesho yake. Halafu shangazi mmoja akaandika: "Jumapili apumzike. Nitakuja mimi." Na alikuja. Ile Jumapili moja kwa wiki, kwangu, ilikuwa sehemu ya matibabu ya bibi sawa na mafuta ya miguu.

Hukumu yangu juu ya fasihi hii ya vipeperushi, basi, ni kwamba imejifunza mengi kuhusu mteja na haijajifunza kitu kuhusu anayemgusa. Inamgawa mteja katika mwili, akili na roho, kisha inamwita mzima. Mkandaji anabaki kuwa jozi ya mikono, tena mara nyingi ndivyo anavyopigwa picha: mikono tu, bila uso. Tiba inayodai kumtazama mtu kwa ukamilifu halafu ikamkata mtoaji wake mkononi ina kazi ya kufanya, na kazi hiyo haihitaji nishati wala sumu. Inahitaji ratiba, mshahara, na sentensi moja inayosema ni lini uende hospitali badala ya kuja kwetu.

Nimezungumza na dada mmoja anayefanya masaji Moshi mjini. Msimu wa wageni anaweza kuhudumia watu sita kwa siku. Alinionyesha kidole gumba cha kulia, kiungo cha chini kimevimba. Nikamuuliza anakitibu vipi. "Dada yangu," akasema, "nikifika nyumbani hata mwiko wa ugali sitaki kuushika." Mdogo wake ndiye anayesonga siku hizi.

Marafiki zangu wanaokuja kupanda mlima huniuliza nani wa kuwachua wakishuka. Huwaelekeza kwake, kwa sababu ana mikono mizuri na hasemi uongo kuhusu sumu. Ninawaomba kitu kimoja tu. Kabla hawajalala kwenye ile meza, wamuulize kama tunavyoulizana kwenye gari, kwa wingi, na wasubiri jibu mpaka liishe.